Kipaji cha Mguuni, Cheti cha Mkononi

Miongoni mwa barua zilizotufikia mwezi huu, ipo moja iliyotoka Sitalike, mkoani Katavi, ambayo tumeona haifai kujibiwa kwa mistari michache. Wazazi wawili wanaeleza kwamba kijana wao, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, amejaaliwa kipaji cha soka ambacho kila amwonaye hukikiri. Alichaguliwa kuichezea wilaya yake katika michezo ya UMISSETA, na tangu hapo nyumba yao haikosi wageni. Mmoja wa wageni hao amejitambulisha kuwa wakala. Anasema yuko tayari kumpeleka kijana nje ya nchi, kwa sharti kwamba familia itoe fedha za maandalizi, na kwamba safari iwe kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne, kwa kuwa "nafasi haimsubiri mtu". Baba anafikiria kuuza ng'ombe. Mama amekataa. Kijana amenuna, na wazee wa pande zote mbili wamegawanyika.

Majina yao tunayahifadhi, kama ilivyo ada ya safu hii. Swali lenyewe hatuwezi kulihifadhi, kwa sababu si la nyumba moja. Sitalike ni kijiji kilichopo kusini mwa Mpanda, langoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, mahali ambapo watu wa mbali huja kutazama viboko wa Mto Katuma, lakini ni nadra kuja kutazama vijana wakicheza mpira jioni. Mzazi wa huko anapoambiwa kwamba kuna mtu amemwona mwanawe, ni vigumu kumlaumu kwa kutaka kuamini. Hofu yake ni kwamba mlango ukifungwa leo, hautafunguka tena.

Tutangulize jibu letu, kisha tutoe sababu. Kuhusu ng'ombe na kuhusu mtihani, tunasimama na mama. Ila kuhusu mpira wenyewe hatusimami dhidi ya kijana. Kipaji ni neema, na neema haizikwi. Linalotuhusu ni njia ya kupita, na namna ya kuhakikisha kwamba mtoto akijikwaa njiani hakosi pa kushika.

Katika mazungumzo ya vijiweni, mpira na shule huwekwa kwenye mizani kana kwamba kimoja kikipanda kingine sharti kishuke. Maisha ya wachezaji wenyewe hayasemi hivyo. Tuchukue mfano wa kijana aliyezaliwa katika pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Handwalla Bwana alizaliwa Mombasa mwaka 1999, katika familia iliyoikimbia Somalia kwa sababu ya vita. Sehemu ya utoto wake aliipitisha katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, penye jua kali na vumbi jingi. Familia ilipopata makazi Marekani, hatimaye ilitulia katika mji wa Seattle, jimbo la Washington. Huko Bwana aliingia shule ya sekondari ya Ballard, na kipaji chake kikamfikisha katika akademi ya klabu ya Seattle Sounders, inayoshiriki ligi kuu ya Marekani, MLS. Hakuambiwa achague kati ya darasa na uwanja, bali vyote viwili vilikwenda pamoja.

Mwaka 2016, badala ya kukimbilia mkataba, aliingia Chuo Kikuu cha Washington, kilichopo katika mji huohuo. Aliichezea timu ya chuo kwa misimu miwili, 2016 na 2017, na jina lake likajulikana miongoni mwa washambuliaji wa vyuo vya pwani ya magharibi. Januari 2018, akiwa na umri wa miaka 18, alisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na Seattle Sounders. Iliwezekana moja kwa moja kwa sababu kanuni za ligi hiyo huiruhusu klabu kumsajili kijana iliyemlea katika akademi yake bila kumpitisha katika mgawanyo wa wachezaji wapya ambao klabu zote hushiriki. Kwenda chuo hakukumtoa mikononi mwa klabu iliyomlea. Alikwenda akasoma, akakomaa mwili na akili, na mlango ukabaki wazi.

Hapa tunaomba wazazi watusikilize kwa makini, kwani ndipo wengi hupotoshwa. Soka la vyuo vikuu vya Marekani halichezwi kwa miguu peke yake. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kinamtaka mwanafunzi awe amesoma sekondari masomo ya msingi 16 na kufaulu kwa kiwango kilichowekwa, ndipo aruhusiwe kucheza katika daraja la kwanza. Kwa anayetoka nje ya Marekani, vyeti vya mitihani ya nchi yake huchunguzwa na kupimwa. Akishaingia chuoni, ni lazima awe mwanafunzi wa muda wote, na alama zake zikishuka chini ya kiwango, huwekwa nje ya timu hata kama ndiye mfungaji bora. Mazoezi katika msimu hayapaswi kuzidi saa 20 kwa wiki, ili zibaki saa za kusoma. Kwa ufupi, cheti ndiyo tiketi ya kuingilia uwanjani. Wakala anayemwambia mtoto aache mtihani wa Kidato cha Nne ili awahi soka la Marekani anamwondolea tiketi, kisha anamwambia panda gari.

Liko jambo jingine linalofichwa. Watu husikia "ufadhili wa masomo" wakadhani kila mchezaji hulipiwa kila kitu. Kwa miaka mingi kanuni za NCAA ziliiruhusu timu ya wanaume ya daraja la kwanza kutoa ufadhili kamili usiozidi 9.9, na timu moja huwa na wachezaji zaidi ya 20. Kocha aligawa mafungu hayo kama mama agawavyo chakula kidogo kwa watoto wengi, huyu nusu, yule robo, na mwingine asipate chochote. Kanuni hizo zimeanza kubadilika tangu mwaka 2025, lakini funzo lake halijabadilika. Anayekuahidi ufadhili kamili mwambie akuoneshe barua ya chuo, yenye jina la mtoto, kiasi kinacholipwa na kiasi ambacho familia italipa. Maneno ya mdomo hayalipi ada.

Turudi kwa Bwana, kwa sababu safari yake haikuishia kwenye shangwe za kusaini mkataba. Alifunga bao lake la kwanza la ligi mwaka 2018, na alikuwa katika kikosi cha Sounders msimu wa 2019 klabu hiyo ilipotwaa ubingwa wa MLS. Lakini kupata namba ya kudumu katika kikosi cha kwanza kulikuwa kugumu, kama kulivyo kwa vijana wengi. Oktoba 2020 alipelekwa Nashville SC, na mchezaji wa Nashville akaenda Seattle, kwa makubaliano ya klabu mbili. Kijana wa miaka 21 aliambiwa afungashe virago na kuuacha mji alikosomea na kulelewa, kwenda mji ulio umbali wa zaidi ya kilomita 3,000. Huko nako hakupata kuwa nguzo ya timu.

Hatusimulii haya kwa kumdharau. Mtoto aliyetoka Kakuma akafika kuvaa jezi ya mabingwa amefika mbali kuliko maelfu ya wenzake. Tunayasimulia kwa sababu huu ndio mpira wa kulipwa jinsi ulivyo kwa wengi walioufikia. Magazeti hutuonesha wachache waliofika kileleni, nasi tukasahau kwamba chini yao wako wachezaji hodari ambao kazi yao hudumu miaka michache, hukatizwa na goti au kocha mpya, kisha wakiwa bado vijana huulizwa wanajua kazi gani nyingine. Miaka 25 ni umri wa kuanza maisha. Asiye na elimu wala ufundi huanza akiwa nyuma ya waliomshangilia.

Pengine kijana wa Sitalike ataposoma hapa atatupa mfano wa Bernard Kamungo, na ana haki, maana Kamungo ni karibu kuwa jirani yake. Alizaliwa mwaka 2002 na kukulia katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma unaopakana na Katavi, katika familia iliyotoka Kongo. Mwaka 2016 familia yake ilipewa makazi Abilene, jimbo la Texas. Aliichezea timu ya shule yake ya sekondari, na mwaka 2021 alikwenda kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas, akachukuliwa. Mwaka 2022 akapandishwa FC Dallas. Agosti 2023 alifunga dhidi ya Inter Miami ya Lionel Messi, katika mechi iliyokwisha kwa mabao 4-4 kabla ya Miami kushinda kwa penalti. Januari 2024 akavaa jezi ya timu ya taifa ya Marekani. Chuo hakupitia.

Ni habari ya kufurahisha, na tungependa kila mtoto wa magharibi mwa Tanzania aijue. Lakini tuisome yote. Kamungo hakupelekwa Marekani na wakala wa mpira, bali alikwenda na familia yake kwa utaratibu wa kisheria wa makazi ya wakimbizi. Hakutolewa shuleni ili acheze, kwani timu ya shule ndiyo iliyomkuza. Majaribio aliyoyaendea yalitangazwa hadharani na klabu yenyewe, naye aliyaendea kutoka nyumbani kwao, akiwa na wa kwake. Anayeutumia mfano wa Kamungo kumshawishi mzazi auze ng'ombe na kumkabidhi mtoto kwa mgeni, amechukua bao la mwisho na kuiacha safari nzima.

Mfano wa tatu uko Kenya. Michael Olunga, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1994, alisoma sekondari ya Upper Hill, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya kusomea uhandisi wa taarifa za kijiografia. Wakati huohuo alikuwa akipanda ngazi za soka, Tusker, Thika United, kisha Gor Mahia aliyotwaa nayo ubingwa mwaka 2015. Mwaka 2016 alikwenda Djurgården ya Sweden. Baadaye alicheza China, Hispania, Japani na Qatar. Mwaka 2020 aliifungia Kashiwa Reysol mabao 28 katika ligi kuu ya Japani, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa msimu. Shahada yake hakuiacha nusu, aliikamilisha, na mashabiki wakamwita Injinia. Magoli yake hayakupungua kwa sababu ya vitabu.

Tukiwaweka vijana hawa watatu pamoja, tunaona njia tatu zisizofanana. Mmoja alisoma chuo miaka miwili kisha akasaini mkataba, wa pili alitoka shule ya sekondari moja kwa moja, na wa tatu alicheza huku akisoma hadi akamaliza. Kilicho sawa kwao wote ni kwamba shule ya sekondari haikukatwa kwa ajili ya mpira. Hilo ndilo tunalowaomba ndugu zetu wa Sitalike walishike.

Sasa tuje kwa yule mgeni aliyejitambulisha kuwa wakala. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya umri wa miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ajili ya soka, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, mathalani wazazi wenyewe wanapohama kwa jambo lisilohusu mpira. Kijana wa Kidato cha Tatu, kwa kawaida, hajafikia umri huo. Maana yake ni kwamba safari anayoahidiwa, ikiwa ni ya kwenda kusajiliwa na klabu ya nje, haina mlango halali, na atakapofika huko hataruhusiwa kucheza. Wako vijana wengi wa Afrika waliotelekezwa katika miji ya ugenini kwa namna hii, viza zimekwisha na aliyewapeleka hapatikani kwa simu. Vilevile, wakala wa kweli anatakiwa awe na leseni ya FIFA, na hawezi kuzungumza biashara na mtoto bila ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Wakala hula kutokana na mkataba alioupata. Anayetaka kula kwanza kutoka zizini mwenu, huyo mchunguzeni.

Wazazi hao wameuliza pia kuhusu dini, nasi hatuwezi kulipita. Hofu ya mzazi Muislamu ni kwamba mtoto atakwenda mbali, sala zitapungua, na jezi itachukua nafasi ya ibada. Hofu hiyo ni ya haki, ila tusiifanye kubwa kuliko ilivyo. Viwanja vikubwa vya dunia leo vina wachezaji Waislamu wanaofunga Ramadhani na kusali. Aprili 2021, katika mechi ya ligi kuu ya Uingereza kati ya Leicester City na Crystal Palace, mchezo ulisimama kidogo baada ya jua kuzama ili Wesley Fofana afuturu, na timu zote mbili zilikubali. Heshima ya namna hiyo hupatikana pale mchezaji mwenyewe anapojua dini yake na kuisema bila haya. Mtoto hawezi kwenda na kile ambacho nyumbani hakupewa. Kwa hiyo malezi ya sasa, hapo Sitalike, kabla ya basi na kabla ya ndege, ndiyo mizigo atakayobeba.

Tuongeze na suala la kamari, maana limeingia katika soka kama mchwa katika boriti. Vijana wengi wanaodai kuupenda mpira hawauchezi, wanaubetia. Anayetaka kuwa mchezaji ajue kwamba, mbali na katazo la dini yetu, kanuni za FIFA zinamzuia mchezaji kucheza kamari za soka, na NCAA nayo huwaadhibu wanamichezo wa vyuo wanaobeti. Mazoea yaliyoanza kwa shilingi 500 kijiweni yanaweza kuja kufuta mkataba.

Baada ya haya, tunawashauri wazazi wafuate utaratibu ufuatao.

Kwanza, kijana amalize Kidato cha Nne, na hili lisiwekwe mezani kwa majadiliano. Mpira wa shule uendelee, kwani UMISSETA ndiyo dirisha la karibu zaidi alilo nalo, na limemfungukia tayari. Baba aende kumwona akicheza. Kijana anayejua kwamba baba yake anauheshimu mpira wake huwa mwepesi kuheshimu neno la baba yake kuhusu masomo.

Pili, watafute njia za hapa nchini kabla ya za ng'ambo. Klabu za Ligi Kuu zina timu za vijana wa chini ya miaka 20, na zipo taasisi, kama Alliance ya Mwanza, zilizounganisha shule na kituo cha soka katika uzio mmoja. Mwalimu wa michezo wa shule na chama cha soka cha mkoa ndio watu wa kuulizwa kwanza, maana wanajulikana, na kesho watakuwepo mkiwatafuta.

Tatu, ofa yoyote ije kwa maandishi, na kabla ya kusaini isomwe na mtu anayeielewa lugha yake, awe mwalimu au mwanasheria. Ulizeni maswali manne. Nani analipa shule? Nani anatibu akiumia? Ataishi wapi na chini ya uangalizi wa nani? Asipofaulu, nani anamrudisha nyumbani? Anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kuwajibu.

Nne, ng'ombe wabaki zizini. Ikiwa familia ina uwezo wa kutoa chochote, basi kitolewe kwa ajili ya vitabu vya sayansi, masomo ya ziada ya Kiingereza na Hisabati, na viatu vizuri vya mpira. Hayo yote kijana atayatumia, akiwa mchezaji au asipokuwa.

Kwa kijana mwenyewe tuna neno moja. Mwanetu, usimwone mama yako kuwa ni adui wa ndoto yako. Anayetaka uende na cheti anataka uende ukiwa na nguvu ya kukataa mkataba mbaya. Mchezaji asiye na kitu kingine husaini chochote anachowekewa mbele. Mwenye elimu husoma, huuliza, na huweza kuondoka. Miaka miwili iliyobaki si mingi. Bwana aliitumia miaka miwili ya chuo akiwa tayari amelelewa na klabu kubwa, wala haikumchelewesha.

Na kwa baba, tunajua kwamba uliyafikiria mauzo hayo kwa mapenzi. Mtoto ni amana, na mwenye amana hutamani kuifikisha mbali. Keti na mama watoto, mwite kijana, semeni naye kwa upole, na yule mgeni mwambieni kwamba akiwa mkweli arudi kijana atakapokuwa na miaka 18 na cheti mkononi. Mwenyezi Mungu amjaalie afya ya viungo na utulivu wa akili, na awajaalie wazazi wote wa Katavi kuviona vipaji vya watoto wao kabla wageni hawajaviona.